Treni za Ujerumani: kabla ya nauli, tazama mnabadilishia wapi

SWALI: Mimi na mama yangu mwenye miaka 71, pamoja na wanangu wa miaka 9 na 5, tunatarajia kwenda Ujerumani mwezi wa tisa kumtembelea kaka yangu anayeishi Hamburg. Ndege yetu inatua Frankfurt alfajiri. Tutakaa Hamburg wiki mbili, kisha tunataka kuiona Berlin kwa siku tatu, halafu twende München tukapande ndege ya kurudi. Tukate tiketi za treni sasa hivi au tukishafika? Au tununue pasi moja ya treni ya kuzungukia nchi nzima? Tumezoea SGR, na tumesikia treni za Ujerumani hazichelewi hata dakika moja. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nitaanza na hilo la mwisho, maana likibaki kichwani kama lilivyo litawaharibia safari yote.

Treni za Ujerumani zinachelewa, na zinachelewa sana. Mwaka 2024, treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na hapo shirika linahesabu kuwa treni imewahi kama haijapitiliza dakika sita. Maana yake, katika kila treni kumi, karibu nne zilichelewa. Sababu zinajulikana. Treni za mwendo kasi, treni za mikoani na treni za mizigo hupita kwenye reli zilezile katika sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo ya mizigo ikikwama, ya mwendo kasi iliyo nyuma yake nayo inakwama. Stesheni kubwa kama Köln, Frankfurt na Hamburg zimejaa kupita uwezo wake. Mitambo ya kuongozea treni katika sehemu nyingi imezeeka, na kwa miaka mingi pesa za matengenezo zilitolewa kwa mkono mfupi. Sasa wanajaribu kulipa deni hilo kwa kufunga njia nzima na kuifumua upya: mwaka 2024 walifunga njia ya Frankfurt hadi Mannheim kwa miezi mitano, na Agosti 2025 wakafunga ya Hamburg hadi Berlin. Kazi za namna hii zitaendelea kwenye njia nyingine kwa miaka mingi ijayo.

Siyasemi haya ili kukutisha. Treni bado ni njia nzuri kuliko zote ya kuiona nchi ile, hasa ukiwa na mama na watoto, kwa kuwa mnakaa pamoja, choo kipo, chakula kipo, na mnaweza kusimama mkanyoosha miguu. Ila ukishajua kwamba treni inaweza kuchelewa nusu saa, namna ya kukata tiketi inabadilika. Wengi hutafuta nauli ya chini na kubofya ya kwanza wanayoiona. Mimi nakuomba uanze kutazama mnabadilishia treni wapi na mna dakika ngapi hapo. Tovuti ya reli itakupa, bila kuona haya, safari yenye dakika nane za kutoka jukwaa moja hadi jingine. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni, dakika nane zinatosha siku treni ikiwahi. Kwa mama wa miaka 71, mtoto wa miaka mitano na mabegi manne, hazitoshi hata siku treni ikiwahi, maana lifti moja inaweza kuwa mbovu na nyingine ina foleni.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye tovuti ya bahn.de au programu yao ya simu iitwayo DB Navigator, kuna mahali pa kuchagua treni za moja kwa moja tu, na mahali pa kuweka muda wa chini wa kubadili treni. Anza na za moja kwa moja. Zikikosekana, weka dakika 30 au zaidi. Safari itaonekana ndefu kidogo kwenye ratiba, na mara nyingi ndiyo mtakayofika nayo mapema.

Mmezoea SGR, basi nikuoneshe panapotofautiana. SGR ukikata tiketi ya Morogoro hadi Dodoma, imekutajia treni, behewa na siti, unapita ukaguzi stesheni, unaingia. Ujerumani hakuna geti wala ukaguzi wa mizigo. Mnatoka barabarani mpaka kwenye jukwaa, na tiketi inakaguliwa mkiwa ndani ya treni. Na tiketi haina siti. Siti mnaishika pembeni, kwa malipo yake, ambayo daraja la pili ni zaidi kidogo ya euro 5 kwa kila siti. Usiposhika, unaruhusiwa kupanda, lakini utatafuta pa kukaa mwenyewe, na siku ya Ijumaa jioni au Jumapili watu husimama saa nzima kwenye njia ya katikati ya mabehewa. Shikeni siti nne katika kila safari, pamoja na ya huyo wa miaka mitano asiyehitaji tiketi. Zamani familia ilikuwa na bei yake nafuu ya kushika siti, ikafutwa Juni 2025. Hata hivyo msibane matumizi hapo.

Habari njema ni ya nauli za watoto. Mtoto chini ya miaka 6 hana haja ya tiketi kabisa. Wa miaka 6 hadi 14 anasafiri bure kwenye treni za masafa marefu akiwa na mtu mzima, kwa sharti moja: aandikwe kwenye tiketi wakati wa kuikata. Kwa hiyo huyo wa miaka 9 mwongeze kama abiria pale pale unaponunua. Nauli haitapanda, ila atakuwemo kwenye tiketi. Hesabu yenu basi ni ya nauli mbili, yako na ya mama.

Sasa aina za nauli, na hapa nitakaa kidogo. Super Sparpreis ndiyo ya chini kabisa. Imefungwa kwenye treni uliyoichagua na hairudishwi pesa. Sparpreis ni ya juu yake kidogo. Nayo imefungwa kwenye treni ileile, ila ukiifuta kabla ya siku ya safari unapewa vocha ya nauli yako baada ya kukatwa euro 10. Flexpreis ndiyo ghali. Kwa mwendo mrefu inaweza kuvuka euro 100 kwa mtu mmoja, lakini unapanda treni yoyote ya njia hiyo siku hiyo, na inarudishwa kwa masharti yanayobana kadiri siku ya safari inavyokaribia. Nauli za chini huuzwa kwa idadi, kama ndege. Treni ya Jumanne saa nne asubuhi ikikatwa miezi miwili kabla inaweza kuwa robo ya bei ya treni ileile ukiikata asubuhi ya safari.

Kwa hiyo, je, ukate leo? Subiri viza kwanza. Maombi ya viza ya Schengen yanapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, hivyo peleka mapema, na siku viza inapobandikwa kwenye pasipoti, jioni yake kata tiketi za treni. Ubalozini wanataka kuona mpango wa safari. Hawakulazimishi kununua nauli isiyorudishwa. Anayekata Super Sparpreis kabla ya viza anahatarisha pesa zake bila faida yoyote.

Safari ya kwanza, Frankfurt hadi Hamburg, ndiyo ngumu kwenu, na ndiyo pekee ambayo nakushauri uilipie zaidi. Ndege ikichelewa, shirika la reli halihusiki. Super Sparpreis yenu inakufa pale pale. Muulize wakala wa ndege kama tiketi yenu inaweza kuongezewa Rail&Fly. Hiyo ni tiketi ya treni inayouzwa pamoja na ya ndege, na haifungwi kwenye treni moja, kwa hiyo mtoke salama uhamiaji, mchukue mabegi, mtoto aende chooni, kisha mpande treni itakayofuata. Kama ndege yenu haina mpango huo, nunua Flexpreis. Kama nauli yake inawashinda, chagua Sparpreis ya treni inayoondoka angalau saa nne baada ya ndege kutua, na kama ndege imewahi, kaeni mnywe chai.

Uwanja wa ndege wa Frankfurt una stesheni mbili. Ile ya Fernbahnhof ni ya treni za masafa marefu, na Regionalbahnhof, iliyo chini ya jengo la abiria namba 1, ni ya treni za mjini na mikoani. Tafuta kwanza kama kuna treni ya moja kwa moja kutoka Fernbahnhof hadi Hamburg kwa muda wenu. Isipokuwepo, mtapanda treni ya mjini, S8 au S9, kutoka Regionalbahnhof hadi stesheni kuu ya Frankfurt, kama robo saa hivi, kisha ICE, yaani treni ya mwendo kasi, ya moja kwa moja hadi Hamburg, kama saa nne. Iwe tiketi moja tangu uwanja wa ndege mpaka Hamburg. Usikate vipande viwili kwa sababu umeona vikijumlishwa vinapungua euro 6, nitaeleza sababu hapa chini. Unapoandika jina, chagua Frankfurt (Main). Ipo Frankfurt (Oder) mpakani mwa Poland, na tiketi yake haitawafaa kitu.

Na saa: ratiba yao inahesabu kuanzia usiku wa manane. 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Mwandikie mama nyakati zote mbili kwenye karatasi, ili naye awe anafuatilia.

Wiki mbili za Hamburg hazihitaji maandalizi ya mbali. Kaka yako bila shaka atakutajia Deutschlandticket, tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Inapandisha mabasi, treni za mjini na treni zote za mikoani Ujerumani nzima, kwa hiyo mnaweza kwenda Lübeck au Lüneburg asubuhi na kurudi jioni bila kulipa tena. Haipandishi treni za masafa marefu, yaani ICE, IC wala EC. Mtoto wa miaka 9 hajumuishwi humo. Anahitaji tiketi yake. Halafu ni mkataba unaojirudia kila mwezi: usipoufuta kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena, hata kama mmesharudi Morogoro. Pigeni hesabu ya mtakavyotembea. Kama mtashinda nyumbani na kaka, mkienda sokoni na bandarini tu, tiketi za siku zinatosha.

Hamburg hadi Berlin kwa kawaida ni chini ya saa mbili, treni ya moja kwa moja. Nilitaja kwamba njia hii ilifungwa kwa ukarabati; wakati huo treni zilizungushwa kupitia Uelzen na Stendal na safari ikaongezeka kwa zaidi ya nusu saa. Ratiba ya siku yenu kwenye DB Navigator ndiyo itakayowaambia kama bado zinazungushwa. Hapa Super Sparpreis inafaa kabisa, kwa kuwa hamtoki kwenye ndege wala hamkimbilii popote. Kuna jambo dogo ambalo wenyeji wa Hamburg hulifanya: treni nyingi za Berlin huanzia stesheni ya Altona kabla ya kufika stesheni kuu. Stesheni kuu ya Hamburg ni miongoni mwa zenye msongamano mkubwa kuliko zote Ujerumani, watu wamejaa jukwaani na treni inasimama dakika chache tu. Altona treni inakuwa imesimama, mnapanda taratibu, mama anakaa, mabegi yanapangwa. Ukitaka hivyo, andika Hamburg-Altona kama mahali pa kuanzia wakati wa kukata.

Kwenye jukwaa lolote, tazama ubao unaoonesha mpangilio wa mabehewa. Jukwaa limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, na ubao unasema behewa lenu litasimama penye herufi gani. Simameni hapo kabla treni haijafika. Treni ya ICE inaweza kuwa na urefu wa karibu mita 400, na kuburuta mabegi ndani yake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni mateso. Wakati mwingine inatangazwa kwamba mpangilio umegeuzwa, basi kaa ukitazama ubao. Mkiingia, nendeni kwenye siti zenu moja kwa moja: siti iliyoshikwa isipokaliwa ndani ya dakika 15 tangu treni kuondoka, mwingine ana haki ya kuikalia. Kama mtu amekaa hapo, mwoneshe namba kwa adabu, atanyanyuka. Ni jambo la kawaida, wala halichukuliwi kama ugomvi.

Kama magoti ya mama ni mazito, usisite kuomba msaada. Deutsche Bahn ina huduma ya kuwasindikiza wazee na wenye ulemavu hadi ndani ya treni, wakati mwingine kwa mashine ya kunyanyulia kiti cha magurudumu, lakini lazima iombwe angalau siku moja kabla. Ngazi za baadhi ya ICE ziko juu. Kaka yako awapigie simu kwa Kijerumani, itakuwa rahisi zaidi.

Berlin hadi München ndiyo safari nitakayokuonea wivu. Tangu Desemba 2017, njia mpya kupitia milima ya Thüringen ilipofunguliwa, treni za haraka zinaifanya kwa saa nne hivi, wakati awali ilikuwa zaidi ya saa sita. Stesheni kuu ya Berlin ina treni za juu na treni za chini kabisa ardhini; za München huondokea chini, kwa hiyo fikeni nusu saa mapema muisubiri lifti bila presha. Hapa pia Super Sparpreis, treni ya moja kwa moja, siti nne zenye meza katikati.

Ila nakuomba jambo moja, dada: msisafiri kutoka Berlin siku ileile ya ndege. Laleni München usiku mmoja. Fedha za chumba kimoja ni chache ukizilinganisha na tiketi nne za ndege zilizopotea. Na uwanja wa ndege wa München haufikiwi na ICE. Mtatoka mjini kwa treni za mjini, S1 au S8, kama dakika 40. Chagueni S8. S1 hukatwa vipande viwili ikifika Neufahrn, kipande kimoja kinaenda uwanjani na kingine Freising, na mgeni aliyekaa kwenye behewa la mbele bila kujua hujikuta Freising akiitazama saa.

Kuhusu pasi: kwa ninyi wakazi wa Tanzania, inayowahusu ni Eurail au German Rail Pass, Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, kama kaka yako. Pasi humfaa anayehama mji kila siku mbili na hataki kufungwa na ratiba. Ninyi mna safari ndefu tatu tu, mbili kati yake mnaweza kuzipata kwa bei ya chini mkikata mapema, na siti bado mngelipia pembeni. Achaneni nayo.

Malipo yanakubali kadi za Visa na Mastercard. Hakikisha kwanza benki imefungulia kadi yako manunuzi ya mtandaoni na nje ya nchi. Ikigoma, kaka anaweza kuwanunulia akiwa Hamburg. Aandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, akutumie tiketi kwa barua pepe, nawe uitoe na chapa, maana simu huishiwa chaji. Mkaguzi akija, mpe tiketi na pasipoti pamoja.

Sasa lile la tiketi moja. Treni ikichelewa, haki zenu zinahesabiwa kwa tiketi. Kama ni safari nzima kwenye tiketi moja, na inaonekana mtafika mwisho wa safari mkiwa mmechelewa dakika 20 au zaidi, lile fungo la treni moja linafunguka hata kwenye Super Sparpreis: mnapanda treni nyingine ya kufika kule. Kama ni tiketi mbili tofauti, treni ya kwanza ikiwakosesha ya pili, ya pili imekwenda na nauli yake. Deutschlandticket nayo imebanwa zaidi: treni ya mkoani ikichelewa, haikupi ruhusa ya kupanda ICE.

Mkifika mwisho mkiwa mmechelewa saa moja, mnadai robo ya nauli. Saa mbili, nusu yake. Hakuna fidia kama chanzo ni janga lisilozuilika, mfano dhoruba kubwa. Mkikwama usiku na hakuna treni tena, nendeni kwenye dawati la huduma la stesheni kabla ya kujitafutia hoteli au teksi, muwaulize watawapangia nini, na mtunze kila risiti. Piga picha ubao ulioandika ucheleweshaji, na usifute tiketi kwenye simu. Mwenye akaunti ya DB hudai humo humo kwenye programu, na asiye nayo hujaza fomu. Muda wa kudai ni miezi mitatu, kwa hiyo hata fomu mkiijaza mkiwa Morogoro bado itapokelewa.